Nyonga ya bandia nayo inachoka: chunga karatasi yake



Mtaani kwetu wengi wanafikiri kwamba mtu akishawekewa nyonga ya bandia, mambo yamekwisha mpaka kaburini. Mimi nimesomea uuguzi, na jambo hili naulizwa sana, juu hata vijana wanawekewa: mmoja amevunjika kwa aksidenti ya pikipiki, mwingine ana anemia SS na kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu.

Hesabu zilizotoka mwaka 2019 katika jarida la Lancet zilionyesha kwamba kati ya nyonga 100 za bandia, karibu 58 zinafika miaka 25. Mzee wa miaka 75 anaweza kuishi na yake mpaka mwisho. Kijana wa miaka 25 ajue kuna operesheni ya pili mbele yake.

Kwa nini inaharibika? Plastiki iliyo ndani inasagika polepole. Vumbi lake linaamsha kinga za mwili, mfupa unalika, chuma kinalegea. Wakati mwingine ni vijidudu vimeingia, ao mtu ameanguka na mfupa umevunjika pembeni ya chuma.

Operesheni ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Daktari anatoa chuma cha zamani bila kuvunja mfupa uliobaki, anajaza mashimo, kisha anaweka chuma kingine, mara nyingi kirefu zaidi. Kama kuna vijidudu, mara nyingi inafanywa mara mbili: kwanza kutoa vyote na kuweka simenti yenye dawa, halafu kungoja wiki ao miezi kabla ya kuweka mpya.

Hapo ndipo karatasi inahitajika. Vipande vya kampuni moja kwa kawaida havikubaliani na vya nyingine. Daktari akijua aina na saizi, pengine atabadilisha kipande kimoja tu. Tena mwaka 2010 kampuni DePuy iliondoa sokoni nyonga ya ASR, iliyokuwa imewekwa kwa watu karibu 93,000 duniani, juu nyingi zilikuwa zinarudiwa mapema. Mwenye karatasi alijua kama inamhusu.

Sisi wa Beni, tangu 2014 familia ngapi zimekimbia na kuacha kila kitu nyumbani? Basi piga picha karatasi ile: kampuni, aina, saizi, namba, tarehe, hospitali. Tuma kwa simu za ndugu wawili ao watatu.

Na ukisikia maumivu mapya kwenye kinena ao paja, mguu umefupika, ao kidonda kinatoa usaha, usikimbilie vidonge vya farmasi. Dawa ya vijidudu ikimezwa kabla ya vipimo inaweza kuvificha. Enda kwa daktari, upigwe radio. Hata bila maumivu, fuata randevu zako, juu mfupa unaweza kulika kimya kimya.

Kama nyumbani kuna mwenye nyonga ya bandia, leo jioni mwulize: karatasi iko wapi?