Kulifanya Gari la Kale Lijilipie Bila Kulipoteza Mpakani

Katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Mutukula, hakosekani mzee aliyelifunika gari lake kwa turubai nyuma ya nyumba. Huwa ni Peugeot 404 au 504, Volkswagen ya mgongo wa mviringo, au Land Rover iliyonunuliwa siku ambazo barabara ilikuwa ya vumbi. Kuliuza hataki, na kulitunza kunamgharimu. Wengi wamekuja kutuuliza kama inaruhusiwa kulitafutia gari kama hilo kazi. Jibu letu ni ndiyo, ila lina masharti.

Heshima ya magari haya ndiyo mtaji wake. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mdogo wake 504 akazishinda mwaka 1975 na 1978. Kwa hiyo watu hawalipi ili kufikishwa mahali. Wanalipa ili waonekane ndani ya gari hilo. Mwenye kulipakiza abiria kila siku atakula hasara, kwa kuwa linakunywa petroli na spea zake hutafutwa kwa tochi. Kazi inayolifaa ni ile ya mwendo mfupi na macho mengi: harusi, sherehe za utambulisho, picha za wahitimu, au kusimama kwenye ua wa hoteli siku ya sikukuu. Watengenezaji wa filamu nao huyatafuta. The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa Uganda na kutoka mwaka 2006, inasimulia miaka ya 1970, na mtaa wa miaka hiyo hauwezi kuonyeshwa umejaa magari ya juzi.

Tunaandika haya kwa sababu ya mzee mmoja aliyefika kituoni kwetu kwa bodaboda, ameshika ufunguo wa akiba. Vijana wawili waliovaa vizuri walikuwa wamekodi 504 yake kwa ajili ya harusi ng'ambo ya mpaka. Walilipa taslimu, wakalifunga maua mbele ya macho yake, wakaondoka nalo wenyewe. Hakuwa na mkataba, wala nakala ya vitambulisho vyao. Alikuwa na nambari moja ya simu, ambayo haikupatikana tena. Gari lilikamatwa usiku wa siku ya pili likiwa limejaa katoni za sigara za magendo chini ya viti. Maua yalikuwa bado kwenye boneti. Wafanya magendo wanajua kwamba gari la harusi huchekewa na kupungiwa mkono, na hata sisi, tukubali, hulipungia.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kilichobeba magendo kitaifishwe. Mwenyewe anabaki na kazi nzito ya kuthibitisha kwamba hakujua, na bila karatasi atathibitisha kwa nini? Tulipomwona mara ya mwisho, mzee yule alikuwa akija kila wiki kulitazama gari lake likinyeshewa uani.

Ndiyo maana tunasihi: gari likodishwe pamoja na dereva wako. Andika mkataba unaotaja tarehe, njia na mahali pa sherehe. Chukua nakala ya kitambulisho cha mkodishaji, na ikiwezekana mwalikwe mmoja wa familia ya arusi athibitishe kwa simu. Sherehe ya kweli haina siri.

Upande wa karatasi, matatizo tunayokutana nayo zaidi ni mawili. La kwanza ni kitabu cha usajili kuwa bado katika jina la marehemu. Mrithi asiyekamilisha mirathi hana haki ya kulikodisha gari hilo, na mpakani atashindwa kueleza ni la nani. La pili ni injini. Fundi akiweka injini ya gari jingine, nambari hazitalingana na kitabu, nasi tutalishuku kuwa la wizi hata kama ni la babu yako. Badiliko lolote la injini au rangi liandikishwe.

Bima ya gari la binafsi kwa kawaida hailindi gari la kukodishwa. Mwambie wakala kazi unayokusudia, na uulize pia leseni inayohitajika. Ukivuka, beba Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, na hata Tanzania isiyo mwanachama. Wanaovukia Katuna wakumbuke kwamba Rwanda huendesha kulia, na gari la kale lenye usukani upande mwingine halioni mbele vizuri linapopita jingine.

Kuhusu kununua gari kuukuu ng'ambo, uliza forodha kabla ya kulipa hata shilingi. Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, na Kenya kikomo chake ni miaka 8. Gari lililopitishwa njia ya panya halitapata usajili, na arusi haipandi gari lisilo na namba.

Kabla ya safari ya kuvuka, fikeni kwenye dawati letu la polisi jamii na mkataba pamoja na kitabu cha gari. Hatutozi chochote kuvitazama.