Mchicha wa Mama Nesi

Siku tulipomzika mama mkwe wangu, mwaka 2024, watu walikuwa wengi kuliko viti na kuliko chakula tulichoandaa. Tuliondoka naye Tunduma asubuhi, tukapita Vwawa, tukafika kijijini kwake katika wilaya ya Mbozi, mahali ambapo mibuni imepandwa mpaka karibu na ukuta wa kanisa. Nikiwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, niliona jambo lililonishangaza. Akina mama nisiowafahamu walikuja mmoja mmoja, wakanishika mkono na kusema, "Mama yako alinisaidia sana." Nilipouliza aliwasaidia nini, walifuta machozi wakanyamaza. Mmoja wao alikuwa amevuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Huyo alinijibu kwa maneno machache tu: "Nilikuwa nanunua mchicha kwake."

Nilielewa. Nilikaa na mama huyu nyumba moja kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini habari za wanawake wale sikuwahi kuzisikia kinywani mwake. Aliondoka nazo.

Mume wangu na mimi tumekubaliana niandike habari zake, pamoja na habari yetu wenyewe, ili ziwafae wengine. Majina nimeyaacha. Naamini yeye mwenyewe angetaka iwe hivyo.

Mikoa mitatu bila kuhama

Alizaliwa mwaka 1938. Alipenda kutuchekesha kwa kusema, "Mimi nimezaliwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, nikazaa watoto wangu Mkoa wa Mbeya, na nitazikwa Mkoa wa Songwe, wala sijahama!" Ni kweli, kwa maana Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega Mkoa wa Mbeya, na kijiji chake kikabaki pale pale.

Wazazi wake walikuwa wakulima. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamefika Mbozi tangu mwaka 1899, na binti za Wakristo walianza kupelekwa shule, ingawa wengi walitolewa mapema ili waolewe. Yeye alimaliza darasa la nane, akachaguliwa kujifunza uuguzi na ukunga. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini wakati bendera ya uhuru ilipopandishwa, Desemba 9, 1961.

Alitusimulia jinsi walivyochemsha sindano za kioo kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na jinsi alivyozalisha usiku kwa mwanga wa kandili iliyoshikwa na mama wa mzazi. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa watoto sita. Lakini waliokua ni watano.

Mtoto wa tatu

Habari ya mtoto huyo wa tatu niliisikia mara moja tu. Ilikuwa mwaka 1968, wakati ugonjwa wa surua ulipoingia vijijini. Wodi ilijaa watoto, wawili wawili kitanda kimoja. Mama alikuwa zamu ya usiku akiwauguza watoto wa wenzake wakati mtoto wake wa miaka miwili alipozidiwa nyumbani. Alipofika asubuhi, mtoto alikuwa bado anapumua. Jioni hakuwapo tena.

Aliniambia, "Mwanangu, nilitaka kuacha kazi. Nilisema, nimewanusuru wa watu, wangu nimempoteza." Aliyemrudisha kazini ni mumewe. Hakumhubiria wala hakumlaumu. Alifua sare yake nyeupe, akaipiga pasi ya mkaa, akaitundika mlangoni, akanyamaza. Baada ya juma moja aliivaa.

Mwaka 1975 Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto, mama huyu alikuwa kama mtu aliyepewa silaha. Alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji akiwa na kisanduku cha chanjo chenye barafu, akiwahi kabla barafu haijayeyuka. Mama aliyechelewesha kadi ya kliniki alimfuata mpaka shambani. Wengine walimwona mkali mno. Hawakujua kwamba katika kila mtoto alikuwa akimwona yule wa kwake.

Kisingizio cha mchicha

Mumewe alifariki mwaka 1989. Yeye alistaafu mwaka 1993, akiwa na miaka 55. Kwa kiinua mgongo chake alijenga nyumba ya vyumba vinne Tunduma, na huko ndiko nilikoolewa mwaka 2001 na kitindamimba wake.

Wasomaji wanaoijua Tunduma watakumbuka ulivyokuwa mji wetu miaka hiyo. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo inapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mpakani mwaka 2019, lori liliweza kukaa foleni siku kadhaa. Madereva na utingo walikuwa na fedha mkononi na hawakuwa na la kufanya. Nyumba za wageni na baa zilijaa. Wasichana walikuja kutoka kila upande kutafuta maisha. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara ilipofika mwaka 1986. Mji wa mpakani kama wetu usingeweza kuachwa.

Watu walikuwa wakimtafuta mama ili awashauri, lakini waliogopa macho ya majirani. Mtu akionekana kwa nesi jioni, kesho yake mtaa mzima unasema ana "ugonjwa ule." Ndipo alipopanda mchicha nyuma ya nyumba, tuta baada ya tuta. Nani atauliza kwa nini mwanamke amebeba kikapu kwenda kununua mchicha? Waliingia kwa mlango wa uani, wakakaa kwenye kigoda, wakaongea. Wengine walitoka baada ya saa nzima na fungu moja la mchicha. Nami nilikuwa jikoni nikidhani mama anapenda maongezi!

Siku tatu

Mume wangu alikuwa dereva wa masafa marefu. Mwaka 2005, mimi nikiwa na mimba ya miezi minne, alirudi safari akiwa na malengelenge ubavuni, ule ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Mama aliutazama, akatambua. Hakusema neno mbele yangu. Kesho yake alfajiri walipanda basi wakaenda Mbeya, wakaniambia wanakwenda kumwona mtaalamu wa ngozi. Huko alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI.

Mambo yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na mume wangu. Wakiwa kituo cha basi alimwomba mama yake anitunzie siri, yaani asiniambie kamwe. Mama alimjibu, "Mimi ni nesi, siri yako sitaitoa. Lakini yule binti aliyeko nyumbani ni mwanangu pia, na ana mtoto tumboni. Kutunza siri ni kazi yangu. Kusaidia uongo siyo kazi yangu. Leo ni Alhamisi. Jumapili baada ya ibada tutaketi watatu, na utasema wewe."

Kwa siku hizo tatu alimwamuru alale chumba cha mbele, akaniambia ni kwa sababu ya vidonda vyake. Mimi nilimpikia uji, nikamkanda, nikaimba jikoni. Jumapili tuliketi. Mama aliketi karibu na mlango, mikono mapajani. Mume wangu alishindwa mara mbili, mara ya tatu akasema.

Wapendwa, sitaeleza usiku ule. Nilimkasirikia mume wangu, lakini hasira kubwa zaidi niliielekeza kwa mama. Nilimwambia, "Siku tatu! Umekula ugali wangu siku tatu ukijua!" Hakujitetea haraka. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Ningekuambia mimi, ungekuwa na mama mkwe mwema, lakini mume usingekuwa naye. Nilitaka usikie kwake, ili siku nyingine akikuambia neno uweze kulisadiki."

Je, alifanya sawa? Nitasema kweli: siku zile tatu bado zinaniuma mpaka leo. Angekuwa mama yangu mzazi, nafikiri ningetaka aniambie siku ile ile ya Alhamisi. Hata hivyo, miaka yote tangu hapo mume wangu hajanificha jambo kubwa, na najua aliyemfundisha.

Mtoto na maziwa

Jumatatu mama alinipeleka kupima. Nami nilikutwa nimeambukizwa. Nilitamani kufa. Lakini yeye hakunipa nafasi ya kukata tamaa, kwa kuwa alikuwa na hesabu ya kufanya. Alinieleza kwamba si kila mtoto wa mama mwenye virusi huambukizwa, na kwamba kuna dawa. Wakati ule nilipewa nevirapini ya kumeza uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa yake ndani ya saa 72. Nilijifungulia hospitali, si nyumbani, kwa sababu mama alikataa katakata nizalie nyumbani, ingawa alikuwa mkunga wa miaka zaidi ya thelathini.

Kisha likaja suala la kunyonyesha. Nilishauriwa nimpe mtoto maziwa yangu peke yake, bila maji wala uji, kwa maana kuchanganya vyakula mapema huongeza hatari. Mnajua desturi zetu! Mtoto akilia, mashangazi wanaleta uji mwepesi na maji ya vuguvugu, nao wanamwona mama mzazi kuwa mchoyo. Mama mkwe wangu aliketi mlangoni kama askari. "Mjukuu wangu ana tumbo bovu, nesi ni mimi," aliwaambia, na hakuna aliyethubutu kubisha. Hata hapo alitunza siri yetu.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na minane alipimwa. Hakuwa na virusi. Mama alichukua ile karatasi ya majibu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tulimsikia akilia kwa sauti, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akilia. Nadhani alimlilia huyu aliyepona, na yule wa mwaka 1968 pia. Binti huyo sasa ni mkubwa, amemaliza kidato cha nne, anajifunza ushonaji.

Mume wangu na mimi tulianza dawa za kufubaza virusi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Tunazimeza mpaka leo, saa tatu usiku, kila mmoja akimkumbusha mwenzake.

Alichotuachia

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kuliko wakati wetu. Tangu mwaka 2013 mama mjamzito mwenye virusi huanzishiwa dawa za maisha yake yote, na tangu mwaka 2016 kila anayegundulika huanza dawa bila kusubiri hali yake iwe mbaya. Anayezitumia vizuri, virusi vikapungua mpaka visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Kliniki ya wajawazito hupima mama na baba pamoja. Dada yangu, ukiwa mjamzito, mwombe mume wako mwende wote. Usiende peke yako ukarudi na mzigo wa kuusema peke yako.

Lakini dawa haziondoi kitu kimoja ambacho mama yetu alikipiga vita: umbeya. Ni mara ngapi tunasikia jambo la mwenzetu, na kabla jua halijatua tumelipeleka kwenye kikundi "ili tumwombee"? Tumwombee kwa jina, kwa mtaa, na kwa ugonjwa wake! Mama mkwe wangu aliombea watu kwa miaka mingi, nasi tuliomsikia hatukujua anamwombea nani. Alisema tu, "Bwana, yule wa leo."

Vile vile tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako wanaofunika uovu wa watoto wao wa kiume na kuuita usiri, huku mkamwana akiangamia. Mama huyu alimpenda mwanawe, hakumwaibisha, lakini hakumwacha katika uongo hata juma moja. Wewe uliye mama mkwe, au utakayekuwa siku moja, jiulize: je, mke wa mwanao ni mwanao?

Matuta ya mchicha bado yapo nyuma ya nyumba. Nimeendelea kuyamwagilia. Mwezi uliopita, jioni, binti mmoja alisimama kwenye mlango wa uani akiwa na kikapu kitupu, macho chini. Akauliza kama bado tunauza mchicha.

Nilimletea kigoda.