Ghala la Faili Katika Intaneti

Wengi husikia kwamba faili huhifadhiwa "mtandaoni", wakadhani kuwa huelea angani. La hasha! Faili hizo zimo katika diski za kompyuta zilizopangwa ndani ya majengo makubwa, ambamo umeme na mitambo ya kupozea havina budi kufanya kazi usiku na mchana.

Tuchukue mfano wa Dropbox, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007 na Drew Houston na Arash Ferdowsi. Programu yake huigawa faili katika vipande visivyozidi megabaiti 4, kisha hukipigia kila kipande hesabu itoayo namba ya kukitambulisha. Kipande kikibadilika, hata kwa herufi moja, namba yake hubadilika. Basi mwalimu wa jiografia akiongeza vipimo vya mvua mwishoni mwa faili ya megabaiti 40, vipande vya mwisho tu ndivyo vipelekwavyo upya. Kwa shule inunuayo intaneti kwa megabaiti, nafuu hiyo si haba.

Hata hivyo, utaratibu huo huo una hatari yake. Kompyuta zote zinazoshiriki kabrasha moja hufuata kila badiliko. Mmoja mwenye ruhusa ya kuhariri akifuta maswali ya mtihani, yatatoweka kwa wenzake wote. Kwa watumiaji wa bure, wenye nafasi ya gigabaiti 2, faili iliyofutwa yaweza kurejeshwa ndani ya siku 30. Zikipita, nakala pekee itakayosalia ni ile iliyowekwa katika diski nyingine isiyounganishwa na kabrasha hilo.