Shindana: Neno la Kiswahili na Wanasesere Weusi wa Marekani

Neno shindana si geni kwa msomaji wa jarida hili. Mtoto wa shule hulitamka uwanjani, mshairi hulitamka katika malumbano, na mchuuzi hulitamka sokoni. Lakini si wengi wajuao kwamba tangu mwaka 1968 hata mwaka 1983 neno hili lilikuwa jina la kiwanda katika mji wa Los Angeles, Marekani, na kwamba kazi ya kiwanda hicho ilikuwa kutengeneza wanasesere weusi. Makala haya yataka kueleza jinsi neno hilo lilivyofika huko, kwa nini watu weusi wa Marekani waliona haja ya kushindana kwa ajili ya kitu ambacho wengi hukidhani kuwa mchezo mtupu, na kwa nini leo wako watu wazima wanaotumia fedha zao na miaka yao kuwakusanya wanasesere hao na kuwategemeza mafundi wanaowaumba.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya jina la kitu chenyewe. Kiswahili kina mwanasesere, ambalo wengine hulitamka mwanaserere, na kina pia mtoto wa bandia. Karagosi ni mwingine, kwa kuwa yeye huchezeshwa mbele ya watazamaji. Siku hizi neno bandia limeelemewa na maana ya kitu cha kughushi, kama tusemavyo fedha bandia au hati bandia. Hapa nimechagua kusema mwanasesere, maana habari itakayosimuliwa ni ya ugomvi juu ya jambo hilo hilo: je, mwanasesere mweusi ni sura ya mtu, au ni sura ya kughushi?

Wanasesere weusi wa mwanzo katika Marekani hawakutoka viwandani. Walishonwa kwa mkono, kwa vitambaa vilivyobaki, aghalabu na wanawake weusi, wengine kwa ajili ya watoto wao na wengine kwa ajili ya watoto wa kizungu waliokuwa wakiwalea. Mkusanyaji mmoja, Deborah Neff, alikusanya wanasesere wa namna hii walioshonwa baina ya miaka ya 1840 na 1940 hivi. Wakaonyeshwa San Diego mwaka 2015, Paris mwaka 2018, na New York mwaka 2022. Katika maonyesho ya New York waliwekwa zaidi ya 100. Mtazamaji aliona nyuso zilizotariziwa kwa uzi, vifungo vilivyowekwa mahali pa macho, na nguo zilizokatwa kwa uangalifu kama za mtu hai. Waliwekwa pia wanasesere watatu wanaosemekana kuwa kazi ya Harriet Jacobs, mwanamke aliyetoroka utumwani, akaandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1861. Yeye anajulikana kwa sababu aliandika kitabu. Wengi wa waliobaki hawana majina. Kazi zao zimedumu, lakini wao wenyewe wamesahauliwa. Na jambo hili naomba msomaji alishike, kwa kuwa tutalirudia.

Viwanda vilipoanza kuuza wanasesere weusi, vilifuata mojawapo ya njia mbili, na zote mbili zilikuwa mbaya. Njia ya kwanza ilikuwa kuchukua kalibu ile ile ya mwanasesere mweupe na kuipaka rangi nyeusi, ili sura ibaki ya Mzungu na ngozi peke yake ibadilike. Njia ya pili ilikuwa dhihaka: macho yaliyotokeza, midomo mipana myekundu, nywele zilizosimama kama za mtu aliyeogopa. Mfano mashuhuri ni Golliwogg, aliyetokea katika kitabu cha watoto cha Florence Kate Upton mwaka 1895, akaenea katika vyumba vya watoto wa Uingereza kwa muda mrefu. Watu weusi hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchungaji R. H. Boyd wa Nashville alianzisha kampuni ya kuuza wanasesere weusi wenye heshima, na wafuasi wa Marcus Garvey nao walihimiza kwamba mtoto mweusi apewe mwanasesere wa rangi yake.

Uzito wa jambo hili ulidhihirishwa na wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1947, waliwaonyesha watoto weusi 253, wa umri wa miaka 3 hata 7, wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto 134 walitoka Arkansas, ambako shule zilitenganishwa kwa rangi, na 119 walitoka Springfield, Massachusetts, ambako walisoma pamoja na weupe. Walipoulizwa wangependa kucheza na yupi, watoto 67 katika kila 100 walimchagua mweupe. Walipoulizwa ni yupi aonekanaye mbaya, 59 katika kila 100 walimwonyesha mweusi. Tarehe 17 Mei 1954, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilipokata shauri kwamba kuzitenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, maandishi ya Kenneth Clark yalitajwa katika hukumu. Hivyo kitu cha kuchezea kilikuwa kimeingia katika ushahidi wa sheria.

Katika miaka hiyo hiyo lilifanyika jaribio jingine. Mwanamke mmoja wa Florida, jina lake Sara Lee Creech, aliwaona wasichana weusi wakicheza na wanasesere weupe, akaazimia apatikane mwanasesere mweusi asiye wa dhihaka wala wa rangi ya kupakwa. Mchongaji Sheila Burlingame alifanya vichwa kwa kufuata sura za watoto halisi. Mwandishi Zora Neale Hurston na Bibi Eleanor Roosevelt waliunga mkono. Na mwaka 1951 mwanasesere huyo akauzwa madukani. Lakini baada ya miaka miwili hivi uuzaji ulikoma. Kazi njema iliyomo mikononi mwa mwenye kiwanda hudumu kadiri atakavyo mwenye kiwanda.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mwezi wa Agosti 1965 ghasia kubwa zilitokea katika mtaa wa Watts, Los Angeles, na watu 34 wakafa. Baada ya msiba huo Louis Smith na Robert Hall waliunda chama cha kujitegemea kilichoitwa Operation Bootstrap, na mwaka 1968 chama hicho kikaanzisha kiwanda cha wanasesere katika sehemu hiyo hiyo ya mji. Kampuni ya Mattel ilisaidia kwa fedha za kuanzia na kwa mafunzo ya kazi. Mwanasesere wa kwanza, Baby Nancy, aliongoza mauzo ya wanasesere weusi nchini kote kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Na mwaka 2020 aliingizwa katika ukumbi wa kitaifa wa heshima ya vitu vya kuchezea. Jina la kiwanda lilitoka katika lugha yetu: Shindana.

Halikufika kwa bahati tu. Katika mji huo huo, mwaka 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba inayotajwa kwa Kiswahili, na wakati huo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta majina ya Kiafrika kwa watoto wao na kwa vyama vyao. Wenye kiwanda walilieleza jina lao kuwa na maana ya mshindani. Mwanasarufi ataona mara moja kwamba mshindani ni nomino, na shindana ni kitenzi. Kikisimama peke yake ni amri kwa mtu mmoja. Tena ni amri ya ajabu kidogo, kwa sababu kiambishi -an- chadai pande mbili. Mtu aweza kushinda peke yake, hata aweza kushinda njaa na kushinda nyumbani. Lakini hawezi kushindana peke yake. Ukimwambia mtu "shindana," hapana budi atauliza, "na nani?"

Majina ya baadhi ya wanasesere wa kiwanda hicho nayo yalikuwa ya Kiswahili: Malaika, Tamu, Zuri. La kwanza lafaa sana, kwa kuwa sisi pia humwita malaika mtoto mchanga asiye na dhambi. La tatu lastahili kuangaliwa na wanaoshughulika na makamusi. Sisi husema mtoto mzuri, nguo nzuri, jicho zuri. Shina tupu, lisilofuata jina lolote, hulikuta katika kamusi, nalo huandikwa na kistari mbele yake. Yamkini jina hilo lilichukuliwa katika orodha ya maneno na mtu asiyekuwa na msemaji wa Kiswahili karibu naye. Lakini haifai tucheke. Neno likiwa jina la mtu huacha kudai upatanisho wake wa zamani na kupokea mpya: Zuri amevaa gauni, Zuri amelala. Wasichana wa Kimarekani walio hai huitwa Zuri leo. Shina lililokuwa likingoja nomino limekuwa mtu, na lugha haikupungukiwa na kitu.

Swali la "na nani?" lilijibiwa na biashara. Makampuni makubwa yaliona kwamba mwanasesere mweusi ananunulika. Mattel ilimtoa Christie mwaka 1968, na mwaka 1980 ikamtoa Barbie mweusi, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins, mbunifu mwanamke mweusi. Louis Smith alifariki mwaka 1976, na mwaka 1983 Shindana ikafungwa. Je, ilishindwa? Kwa hesabu ya fedha, ndiyo. Lakini mambo iliyoyadai yalikuwa yamekwisha kukubaliwa na wengine, na wanasesere wake hawakupotea, kwa sababu walikuwako watu waliowatunza.

Watu hao ndio wakusanyaji. Mwaka 1993 Myla Perkins alichapisha kitabu kikubwa cha kuwatambua wanasesere weusi tangu 1820 hata 1991, nacho kimekuwa kama kamusi ya wakusanyaji. Barbara Whiteman alianzisha jumba la wanasesere weusi Philadelphia. Huko Los Angeles, kituo cha sanaa chenye jina la mtunzi wa muziki William Grant Still kimekuwa kikifanya maonyesho ya wanasesere weusi kila mwaka tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Na msanii Betye Saar, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1926, amekusanya wanasesere weusi kwa miaka mingi. Mwaka 2021 alionyesha picha za rangi za maji alizowachora kwa kuwatazama, wale wa heshima na wale wa dhihaka pamoja. Kuitunza dhihaka si kuipenda. Ni kuuhifadhi ushahidi.

Lakini kukusanya vya kale tu hakumlishi fundi aliye hai. Fundi wa leo huunda kichwa kwa udongo, kwa kauri ya kuchomwa katika tanuri, kwa mti, au kwa kitambaa. Hupandikiza nywele kidogo kidogo, hushona nguo na viatu. Mwanasesere mmoja aweza kumchukua majuma kadhaa. Mwenye kiwanda hugawanya gharama zake juu ya maelfu. Fundi huzigawanya juu ya mmoja, au juu ya toleo la idadi ndogo iliyotangazwa. Ndiyo maana bei yake humshtua asiyejua. Mkusanyaji mwenye busara humsaidia kwa mambo ya wazi: hununua kwake mwenyewe badala ya kwa mchuuzi, akiagiza, hutanguliza sehemu ya malipo ili fundi anunue vifaa, hashindanishi bei ya mkono na bei ya mashine, haigizi kielelezo bila ruhusa. Zaidi ya yote, huandika. Huandika jina la fundi, mwaka, mahali, vifaa, na habari aliyoisikia kinywani mwa fundi mwenyewe, na huitunza karatasi hiyo pamoja na mwanasesere. Katika misingi saba ya Kwanzaa tuliyoitaja mna kuumba na mna ujamaa. Hapa vyakutana: mmoja aumba, na mwingine ahakikisha kwamba muumbaji ataweza kuumba tena.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni ya Marekani. Ni kweli, lakini yana funzo kwetu. Wazaramo wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali alipewa kuitunza alipokuwa ndani. Wengi wa hao mwana hiti wamo sasa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na karatasi zao aghalabu husema "Zaramo" na kunyamaza. Aliyechonga hatajwi, wala mwali aliyemtunza. Ni hali ile ile ya wanasesere wa vitambaa waliosimuliwa hapo juu: kitu kimehifadhiwa, na mtu ametupwa.

Sisi tunaokusanya maneno tumezoea kuuliza neno limetoka wapi na nani alilisema. Yafaa tuulize hivyo hivyo juu ya kazi za mikono, maadamu mafundi wangali hai wa kutujibu. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Lakini ili kivikwe, hapana budi kwanza kijulikane ni cha nani.