Kabla ya kujenga depo, tuulizane kwanza

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia. Basi, anayetaka kujenga au kupanua depo mjini anahitaji karatasi mbili: hati ya kiwanja na ruhusa ya kujenga. Ruhusa hiyo haimpi mtu kiwanja.

Tunawaomba viongozi: kabla ya kutia sahihi, ulizeni majirani kiwanja kilikuwa cha nani kabla ya vita. Kukimbia si kuuza. Nanyi familia mliohama, tunzeni hati zenu na majina ya mashahidi wa mipaka. Depo iliyojengwa katika kiwanja cha aliyekimbia italeta ugomvi siku atakaporudi.