Umeshachanjwa: Usafiri Ng'ambo au Usubiri?

Tangu chanjo ya korona ianze kutolewa hapa Kenya Machi 2021, swali moja halikosekani kwenye mabaraza yetu ya Pwani: mtu akishadungwa sindano zote, afunge mkoba aende zake ng'ambo, au atulie? Swali hili si la wenye starehe peke yao. Kuna anayengojewa na mwajiri Doha, kuna mwenye mgonjwa wa kupelekwa India, na kuna aliyeweka nia ya Umra tangu kabla ya janga.

Jibu langu ni kwamba chanjo imejibu nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni yetu kuijibu.

Nusu ya kwanza ni mwili wako. Chanjo zilizotolewa nchini, zikiwemo AstraZeneca, Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson, huufundisha mwili kuvitambua virusi kabla havijaingia. Kinga haiji siku ile ile ya sindano. Huhesabiwa kuwa kamili yapata wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Inapunguza sana uwezekano wa kulazwa au kufa, na kwa hilo pekee inafaa kuchanjwa. Lakini haizuii kabisa maambukizi, hasa tangu itokee omikroni, iliyoripotiwa na Afrika Kusini Novemba 2021. Aliyechanjwa anaweza kubeba virusi, asisikie hata homa, na akampitishia mwingine.

Nusu ya pili basi ni watu: unaokaa nao ndani ya ndege, unaowaendea, na zaidi unaowarudia. Tukumbuke kwamba mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, Machi 2020, alikuwa Mkenya aliyerudi kutoka Marekani kupitia London. Maradhi haya yalitufikia kwa ndege.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa tazama nyumba zetu, iwe Mji wa Kale, Kisauni au Lamu. Bibi, watoto na wajukuu wako chini ya dari moja na wanakula sinia moja. Kijana akirudi kutoka Dubai, jioni hiyo hiyo nyumba inajaa majirani waliokuja kumpa pole ya safari, mikono inapeanwa, mashavu yanabusiwa. Yeye kachanjwa, ana kinga yake. Bibi mwenye sukari ambaye bado hajapelekwa kituoni hana.

Wapo wanaosema, “Lakini nimepimwa PCR, sina.” Kipimo kinaeleza hali yako saa ile ulipochukuliwa sampuli. Virusi vinaweza kukaa mwilini siku kadhaa, hata kufika 14, kabla dalili kuonekana. Unaweza kupimwa Jumatatu ukiwa huna, ukaambukizwa Jumanne, ukapanda ndege Alhamisi na karatasi safi mkononi.

Kisha kuna mambo ya cheti. Wengi tumezoea kadi ya homa ya manjano: sindano moja, angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa maisha yote. Korona haijafikia makubaliano kama hayo. Kila nchi ilikuwa na sharti lake, na lilibadilika ghafla. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha cheti chake Julai 2021, AstraZeneca iliyotengenezwa India, ambayo ndiyo tuliyoanza nayo sisi, haikuwemo kwenye orodha ya chanjo zilizoidhinishwa na shirika lao la dawa, na kila nchi mwanachama ikaachiwa iamue yenyewe. Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu kuanzia Aprili hadi Septemba mwaka huo. Hata raia wao aliyechanjwa alilazimika kukaa karantini hotelini akitoka huku. Na tarehe 20 Desemba 2021, Dubai ilisimamisha ndege za abiria kutoka Kenya. Januari 2022 Kenya nayo ikajibu kwa kuzuia za kutoka kwao. Chanjo haikumsaidia aliyekwama.

Siwezi kusema watu wasisafiri kabisa. Hoteli za Diani na Malindi zinawahitaji wageni, na itakuwa ajabu tuwaombe wao waje huku tukisema wa kwetu wasitoke. Pia kuna safari zisizongoja: matibabu, kazi, msiba.

Dini yetu imetuonyesha njia tangu zamani. Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusiingie nchi yenye tauni, na tukiwa ndani yake tusiitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar alirudi kutoka njiani akielekea Sham alipoambiwa kuna maradhi. Mafundisho hayo yanawalinda wa pande zote mbili, anayesafiri na anaofikia kwao. Hayamwangalii mtu mmoja na uzima wake tu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Safari ya lazima, nenda. Subiri wiki mbili zipite baada ya dozi ya mwisho, hakikisha chanjo yako inakubaliwa unakokwenda na unakopitia, vaa barakoa hadi ufike, na weka akiba ya pesa iwapo mipaka itafungwa ukiwa huko. Ukirudi, pimwa tena, kaa mbali na wazee kwa siku kadhaa, na wageni wa pole ya safari waambie wapige simu. Hawatakasirika wakielezwa.

Safari ya matembezi, iahirishe hadi wazee wa nyumbani kwako nao wawe wamechanjwa. Kabla ya kwenda kwa wakala wa tikiti, mpeleke mama kituoni. Nauli ya matatu hadi zahanati ni ndogo, na ndiyo safari ya kwanza unayopaswa kuifanya.