Je, Wajua? Maajabu ya Thika, Ruiru na Mto Chania

Mgeni akifika Nairobi huonyeshwa twiga, makumbusho na jumba la KICC, halafu huyo, uwanja wa ndege! Mzuie kidogo. Je, wajua kwamba akipanda matatu ya 237 na kwenda kilomita 45 hivi, atashuka Thika, mji wenye hoteli iliyokaa katikati ya maporomoko mawili ya maji?

Hoteli hiyo ni Blue Posts, na imekuwapo tangu 1908. Upande mmoja Mto Chania unaporomoka, upande wa pili Mto Thika unaporomoka, na wewe umeketi katikati na chai yako. Haya, nitajie hoteli nyingine unayoijua yenye mito miwili na maporomoko mawili! Na jua pia kwamba reli ilipofika Thika mwaka wa 1913, hoteli ilikuwa tayari inapokea wageni.

Sasa yafuate maji yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Chania unashuka kutoka milima ya Nyandarua, unaungana na Thika, nao Thika unaingia katika Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Je, wajua kwamba maji hayo uliyoyapiga picha pale Blue Posts yanaweza kuzalisha umeme mara 5 kabla ya kuiona bahari? Hesabu mabwawa nami: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kisha yanateremka hadi Kipini na kuingia Bahari Hindi.

Ngoja, bado. Maji mengine ya Chania hayafiki huko kabisa, kwa sababu yanachukuliwa juu kule Gatundu, yanasafishwa Ngethu na kupelekwa Nairobi. Mto Thika nao umezuiliwa kule Ndakaini, kwenye bwawa lililokamilika mwaka wa 1994, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70! Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayesema hajawahi kuionja Chania, mwulize: kwani mfereji wako unatoa nini?

Na Ruiru je? Mji huo na Thika ni majirani, mwendo wa dakika chache barabara ikiwa wazi, lakini mito yao haielekei pamoja hata kidogo. Maji ya Mto Ruiru huishia katika Athi, na Athi hubadilisha jina njiani, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji yake karibu na Malindi. Tone moja la mvua likianguka Thika, linaelekea Kipini. Mwenzake akianguka Ruiru, anaelekea Malindi!

Kabla ya kufika huko, Athi unatuonyesha mambo yake. Karibu na Kilimambogo unaruka kwenye mwamba wa kimo cha mita 27 hivi na kugawanyika mara 14, ndiyo maana pakaitwa Fourteen Falls. Nenda wakati wa kiangazi uhesabu poromoko moja moja. Ukienda masika, mto ukiwa umefura, hutahesabu kitu: yote yanakuwa ukuta mmoja wa maji.

Inua macho hapo hapo. Mlima ule ni Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145, hifadhi ya taifa tangu 1967. Je, wajua kwamba siku mawingu yakikaa mbali, ukiwa kileleni unaona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine? Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 20 na ushei tu, lakini nyati wamejaa, kwa hiyo usitembee bila askari wa wanyamapori.

Juu ya mlima huo huo amezikwa Mmarekani, William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka wa 1925. Mkewe Lucie yupo naye, mtumishi wao yupo, na hata mbwa wao ana kaburi lake! McMillan ndiye yule mwenye shamba la Juja aliyempokea Theodore Roosevelt mwaka wa 1909, Roosevelt akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Na ile maktaba ya McMillan pale Nairobi, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa kumbukumbu yake. Umepita mbele ya simba wale mara ngapi bila kujua mwenye jina lile amelala Kilimambogo?

Rudi mjini Thika, uende Mugumo Gardens. Wazee wa Agikuyu husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wageni ungekwisha siku mugumo wa Thika ungeanguka. Serikali ya mkoloni ikaingiwa na hofu, ikauzungushia mti chuma ili usianguke. Mti ukaanguka. Mwaka gani? 1963, mwaka ule ule wa Uhuru! Mimi kila nikisimama pale mwili hunisisimka.

Unapenda kahawa? Basi salimu Ruiru. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti cha hapo hapo, na inahimili kuoza kwa buni na kutu ya majani. Je, wajua mbegu yake hupatikanaje? Watu huchavusha maua kwa mkono, ua baada ya ua!

Mananasi nayo unayaona yenyewe, maelfu ya ekari, ukipita tu Thika. Lakini je, wajua kwamba nanasi moja si tunda moja? Ni maua mengi, mia moja au zaidi, ambayo kila moja lilitoa kijitunda chake vikashikana. Na mmea huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukupa nanasi la kwanza, kwa hiyo likate kwa heshima.

La mwisho, halafu nikuache ukapande gari. Elspeth Huxley aliletwa Thika akiwa mtoto, na mwaka wa 1959 akaandika kitabu, The Flame Trees of Thika, kilichoufanya mji huu ujulikane duniani. Mti wenyewe ni kifabakazi, ule wenye maua mekundu kama moto. Je, wajua kwamba chipukizi la ua lake limejaa maji? Ulichume kabla halijafunguka, ulibinye, linarusha maji mbali sana. Watoto wa Thika wanalijua hilo vizuri mno. Jaribu nawe, ila usimlenge makanga kabla hajakurudishia chenji!